Mtani Wako Alinipa Kiti

Shikamoo mama,

Najua hakuna marahaba itakayorudi, lakini ndivyo ulivyonilea: siwezi kufungua mdomo mbele yako kabla sijakuamkia. Hii ni barua ya kwanza ninayoandika kwa Kiswahili tangu ulipoondoka, na nimeona aibu kugundua kwamba mkono umekuwa mzito. Miaka mitatu hapa chuo kikuu kazi yangu imekuwa kuandika Kiingereza, kurasa kwa kurasa. Kiswahili changu cha kuandika kilikuwa kwenye barua zangu kwako. Sasa kimebaki cha kununulia nyanya.

Naandika nikiwa bwenini, mchana, wenzangu wamekwenda kula. Mwenzangu wa chumbani, yule Mhaya niliyekuambia anakula senene ukacheka mpaka ukashika mbavu, alinikumbatia siku niliyorudi, akalia pamoja nami. Ni mtu mwema. Lakini hakukujua. Jengo hili limejaa watu wa kila kabila, na wengine wa nchi za jirani, tunapishana kwenye ngazi kila mtu na lugha ya kwao mfukoni, na hakuna hata mmoja ninayeweza kumwambia "unakumbuka mama alivyokuwa akisema," naye akakumbuka. Sikujua kwamba upweke ndio huu. Nilidhani upweke ni kukosa watu.

Haya, habari. Wewe ulipenda habari zije kwa mpangilio wake: nani kafa, nani kaolewa, nani kagombana na nani. Aliyekufa ni wewe. Aliyeolewa hakuna. Aliyegombana ni mimi, tena msibani kwako, tena na Maganga.

Umesikia vizuri. Maganga, mtani wako, yule Mnyamwezi.

Lakini kwanza nikukumbushe siku ile ulipokuwa ukimenya muhogo ukaniuliza ninachosoma hasa ni nini. Nikasema fasihi ya Kiingereza. Ukauliza ndiyo nini. Nikasema ni hadithi na mashairi na michezo ya kuigiza ya Waingereza, na siku hizi na ya Waafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Ukakohoa kile kikohozi chako cha kufungulia ubishi, ukasema, "Serikali inakulisha wali, inakulaza kwenye godoro, ili usome hadithi? Kwani huku zilikwisha?" Nikaeleza kwamba nitakuwa mwalimu. Hapo ukaridhika, ila kwa majirani ukawa unawaambia, "Mwanangu anasoma habari za watu wasiokuwepo." Niliudhika sana. Leo sijaona mhadhiri aliyelieleza somo letu vizuri kuliko hivyo.

Tena nilikuwa hodari, mama. Tuna mwalimu mmoja katoka visiwa vya mbali ng'ambo, mweusi kama mimi, Kiingereza ndicho alichonyonya kwa mama yake na hana kingine. Siku moja alituuliza kila mmoja ana lugha ngapi. Mimi nikahesabu: Kizaramo cha bibi, Kiswahili chako, Kiarabu cha madrasa nilichokihifadhi bila kukielewa, na Kiingereza cha shule. Akatikisa kichwa, akasema sisi ni matajiri. Muhula huo nikamwandikia insha juu ya mchezo mmoja wa zamani wa Waingereza, ambamo watu wako kwenye huzuni kubwa halafu anaingia mtu wa mzaha na kuanza kuchekesha. Nikaeleza kwa nini mwandishi kamleta pale: kwamba kilio kisicho na kicheko humfunga mtu pumzi, kwamba mcheshi ndiye mwenye ruhusa ya kusema yale ambayo wengine hawawezi. Mwalimu aliisoma insha yangu mbele ya darasa zima. Nilitembea wiki nzima shingo juu.

Haukupita muda ukafa.

Mama mdogo Tatu alimtuma mtu anifuate hadi darasani. Nikapanda basi mpaka Kisarawe, kutoka pale nikapata lori la mkaa lililokuwa linarudi tupu, nikafika Msimbu saa nane mchana na mavumbi mpaka kwenye kope. Walikuwa wamekwisha kukuosha, wananingoja mimi tu nikuone uso. Nilikuona. Sitaandika juu ya hilo.

Nilipotoka nje nikakaa na wanawake mkekani. Watu walikuwa wanasemezana chinichini kuhusu bafta ya sanda, maana unajua hali ya maduka mwaka huu, hata sabuni ni ya kuandikiwa barua na balozi wa nyumba kumi. Ilikuwa imetafutwa tangu alfajiri, ikapatikana kipande hapa kipande pale. Ndipo Maganga akaja.

Alikuwa ametoka kuchimba kaburi, udongo mwekundu mpaka magotini. Hakumsalimia mtu. Akaenda kwenye kamba ya nguo, akaitwaa kanga yako ya kahawia, akajifunga, akaweka ungo kichwani, mkono kiunoni, akaanza kutembea. Mama, alitembea kama wewe. Ule mguu wako wa kushoto uliokuwa unasitasita kwanza kabla ya kukanyaga, aliufanya vilevile. Akakohoa kikohozi chako. Akasema, na sauti ilikuwa yako kabisa, "Mnanitazama nini? Nimekufa makusudi. Nimesikia bafta hakuna madukani, nikasema ngoja niwasumbue kidogo. Na wewe Maganga, hata kaburi langu umelichimba upande! Mbeba mizigo atajua wapi kuchimba!"

Wanawake wakaangua kicheko na machozi yakiwatoka. Mama mdogo akajipiga mapaja, akacheka mpaka akalala ubavu.

Mimi nikasimama. Nilimvua ile kanga kwa nguvu, ungo ukaanguka, nikamnyooshea kidole usoni nikamwambia hana haya, hana heshima kwa wafu, aondoke kwetu. Na jambo ninaloona haya kukuambia kuliko yote ni hili: hasira ilitoka kwa Kiingereza. Sikuchagua. Ilitoka tu, Kiingereza safi cha darasani, mbele ya watu walionibeba mgongoni. Hakuna aliyeelewa neno na hakuna ambaye hakuelewa.

Maganga aliichukua ile kanga mkononi mwangu, akaikunja vizuri mara nne, akaiweka mkekani. Akawatazama watani wenzake wawili waliokuwa wanakata kuni. Wakaweka mashoka chini, wakaondoka naye.

Tulikuzika kwa adabu, mama. Kimya. Watu walisema taratibu, wakala taratibu, wakaondoka taratibu. Sijapata kuona msiba wa baridi namna ile. Siku ya tatu ikafika, siku ya kuanua matanga, na hakukuwa na mtani wa kuzoa majivu ya jiko la msiba na kufagia uwanja ili watu warudi kwenye maisha yao. Mama mdogo akachukua ufagio, akaushika kidogo, akaurudisha. "Hii si kazi yangu," akasema. "Nikiifanya mimi, nitakuwa nimefagia tu." Nikarudi chuoni majivu yakiwa palepale, kuku wanajioshea humo.

Nilijaribu kusoma. Mwalimu wetu wa visiwani aliniita ofisini, akanipa pole, akaniuliza kwetu watu huomboleza vipi. Nikamjibu kwamba tunasoma Kurani na kupika wali. Angefurahi sana kujua habari za Maganga, na mimi ningekufa kwa aibu kumweleza. Nilitoka ofisini mwake nikaitafuta ile insha nikaisoma tena. Kila neno lilikuwa sahihi. Nilikuwa nimemwelewa vizuri mcheshi wa watu wa mbali waliokufa zamani, na wa kwetu alipoingia uani kwa miguu yake mwenyewe nikamfukuza. Nilitaka kuichana, nikakumbuka bei ya karatasi.

Arobaini yako ilipokaribia, mama mdogo akanitumia salamu: majivu bado, na mwenye kuyaondoa ni mmoja. Basi nikaenda Msimbu siku mbili mapema. Nikanunua kuku, tetea mzuri mweupe, nikavaa vizuri, nikaenda kwa Maganga. Nikapiga hodi. Nikamwamkia. Nikampa kuku kwa mikono miwili, nikamwambia, "Mzee Maganga, nilikukosea mbele za watu. Nimekuja kuomba radhi."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Hakuna neno. Yamekwisha." Akaingia ndani, akatoka na kiti, akakipangusa kwa kiganja. "Karibu, keti. Habari za masomo?"

Mama, alinipa kiti.

Yule mtu aliyekuwa anapita mlangoni kwetu kila asubuhi bila hodi, akifunua sufuria lako, akionja, akitema na kusema Wazaramo ngoma mnaijua ila chumvi hamuijui. Yule uliyemuuliza kila siku babu zake walibeba pembe ngapi kutoka Unyamwezi na walikula njiani nini. Nilikaa kwenye kile kiti, naye akaniuliza kama vyakula vya chuoni vinatosha, na kama mvua imenyesha Dar es Salaam. Alikuwa mpole kama karani. Nikaelewa kwamba sijasamehewa. Nimepokelewa kama mgeni, na mgeni hana mtani. Nikaaga, akanisindikiza mpaka njiani, nikalia mpaka kwa mama mdogo.

Nilitaka kumuuliza mtu nifanye nini, na mtu wa kumuuliza ni wewe. Kwa hiyo nikafikiri wewe ungefanyaje. Nikakumbuka Operesheni, walipokuja kutuhamisha kule bondeni kutupeleka kwenye nyumba za mstari, ukakaa juu ya kinu ukagoma, mgambo wamesimama hawajui wakushike wapi. Maganga ndiye aliyekuja, akakubeba mgongoni kama gunia huku akikutukana njia nzima kwamba huna faida wala uzito, nawe ukimpigia kelele kutoka huko juu, "Taratibu! Kwa mara ya kwanza ukoo wenu umebeba kitu cha thamani!" Halafu akarudi kukifuata kinu. Sikumbuki hata siku moja mmoja wenu akimwambia mwenzake samahani, wala ahsante. Mimi nilikuwa nimempelekea Maganga samahani, na kuku juu yake.

Asubuhi nikarudi kwake. Sikupiga hodi. Alikuwa amekaa uani anatia jembe mpini, sufuria la kunde liko motoni. Nikapita mbele yake kama hayupo, nikafunua sufuria, nikachota, nikaonja, nikatema.

"Chumvi ya hapa iko wapi?" nikamwambia. "Au ulipewa uibebe ukaidondosha njiani?"

Mpini ulisimama mkononi mwake. Nikaenda mpaka kwenye tenga lilipofungiwa yule tetea wangu, nikamtoa, nikambana kwapani. "Na huyu namrudisha kwetu. Jana nilipotea njia, nilidhani ni nyumba ya mtu wa maana."

Nikageuka nikaanza kuondoka. Nilipofika kwenye ua ndipo nikamsikia.

"Mwizi! Jamani mwizi! Mzaramo ananiibia kuku mchana kweupe!" Akanikimbiza na ule mpini, mzee mzima, mpaka kwenye mkorosho wa mwenyekiti wa kijiji, watu wanatoka majumbani kutazama. Pale akaishiwa pumzi, akashika magoti, na nilipotazama alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Kumbe wewe!" akasema. "Kumbe mama yako Binti Kondo kazaa! Nilidhani ametuachia Mzungu."

Siku ya arobaini Maganga alikuja kabla ya jua kuwa kali. Akazoa majivu yote, akafagia uwanja mpaka chini ya minazi, huku akilalamika kwamba hata majivu ya Wazaramo ni machafu. Baada ya dua akaivaa tena ile kanga. Safari hii nilikaa mbele kabisa. Akakuiga ukipika, akakuiga ukigombana na mizani ya chama cha ushirika wakati wa kupima korosho, akakuiga ukinisifia kwa watu, "habari za watu wasiokuwepo." Halafu akaitupa kanga, akasimama wima, akaninyooshea kidole na kuanza kutoa sauti za ajabu puani, maneno yasiyo maneno, macho yamemtoka. Ilikuwa mimi. Ilikuwa Kiingereza changu. Msimbu nzima ilianguka chini kwa kicheko, nami nikacheka mpaka nikakosa nguvu za kukaa, kisha kicheko kikageuka kikawa kile kilio nilichokuwa nimekikosa tangu siku ya lori la mkaa. Mama mdogo akanishika kichwa. Hakuna aliyeninyamazisha.

Watu walipotawanyika, Maganga alikuwa ananawa mikono. Akasema bila kunitazama, "Mimi na mama yako tulipatana. Atakayetangulia, mwenzake atamuiga. Mjanja yule, katangulia. Mimi wa kwetu wako Tabora, sijui hata kama wangaliko. Sasa mimi nikifa atakayenicheka ni nani?"

Hukuniambia habari hiyo, mama. Nilitaka kumshika mkono. Lakini nilikuwa nimekwisha kujifunza, nikamwambia, "Wewe una nini cha kuigwa? Una pua tu."

Akafurahi kama mtoto. "Anzia hapo hapo," akasema. "Anzia puani."

Basi ndizo habari. Mtihani wangu wa mwisho uko karibu, na baada yake nitapangiwa shule, sijui wapi, labda Kigoma, labda Mtwara, mahali ambapo nitaanza upya kuwa mtu asiyejulikana mama yake. Naogopa. Sikufichi. Nitafundisha Kiingereza, tena nitakifundisha vizuri, maana sikichukii, na zile hadithi nazipenda hata sasa. Ila nitawauliza wanafunzi wangu kwanza kwao msibani anacheka nani.

Na nakuahidi hili. Popote nitakapokuwa, ikinifikia habari kwamba Maganga ameondoka, nitafika. Nitavaa koti lake, nitashika mpini, nitamtukana mbele ya jeneza lake mpaka walioshika vichwa waviachie. Nimekwisha kuanza kujifunza. Jana nilifunga mlango wa chumba nikajaribu, namna anavyovuta kamasi kabla ya kusema uongo, namna anavyotembea kama bado ana mzigo begani. Nikashtuka, mama. Kumbe sijawahi kumtazama Maganga mwenyewe vya kutosha. Ninachokijua ni vile ulivyokuwa ukimuiga wewe, pale jikoni, akishapita. Kwa hiyo siku hiyo Msimbu watakapokuwa wanamcheka yeye, watakuwa wanakusikia wewe.

Kwaheri, mama. Mola akupe nafasi.

Mwanao,
Mwantumu